Ugonjwa wa Figo Unapoandama Ukoo

Mwezi huu nilikusudia kuandika juu ya kumwachisha mtoto ziwa, maana kuna barua zilizokuja kuuliza jambo hilo. Mniwie radhi, nimeliahirisha. Hapa kwetu Mhunze kumetokea jambo lililoninyima usingizi, nami nimepewa ruhusa na mwenye nalo nilieleze, mradi nisitaje jina.

Ni mama wa kama miaka 35, mwimbaji mwenzetu wa kwaya. Alinisubiri baada ya kipindi cha Alhamisi hadi wenzake wote walipokwisha kuondoka. Mkononi alishika chupa ya dawa ya kikohozi aliyoiosha, na ndani yake mkojo wa mwanawe wa kwanza, mvulana wa miaka 11. Ulikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. "Sista," akaniambia, "kila akishikwa na mafua mkojo unakuwa hivi. Dawa ya kichocho tumempa mara mbili. Siku hizi akiamka asubuhi macho yamevimba." Nilidhani amemaliza. Akatazama mlangoni, akashusha sauti. "Upande wa mume wangu wamekwenda kwa mpiga ramli. Ametaja mama yangu."

Akanieleza habari za kwao. Bibi huyo ana miaka zaidi ya 70. Alikuwa na kaka wawili, wote wakafa vijana, miili imevimba. Yeye mwenyewe alizaa wana watatu wa kiume na mabinti watatu. Wa kiume mmoja alifia machimboni Nyarugusu akiwa na miaka 24. Wa pili alikufa nyumbani akiwa na 28, na kabla ya kufa alikuwa haongei naye mtu bila kupaza sauti, masikio yalikuwa yamekwisha kuziba. Wa tatu yu mzima, analima pamba. Mabinti wote watatu wazima. Sasa mjukuu naye ameanza kuvimba uso. Hesabu ya watu wa mji ikawa nyepesi: wanaume wanakwisha, bikizee anabaki. Na macho yake mekundu, kwa kuwa amepika miaka hamsini kwa moshi wa mavi ya ng'ombe.

Ninyi mnaosoma mkiwa Mbeya au Tanga huenda msielewe kwa nini nilitetemeka. Sisi wa Shinyanga tunaelewa. Mkoa wetu umepata jina baya kwa mauaji ya vikongwe, na wengi wao hawakuwa na kosa lolote ila macho mekundu na misiba iliyokosa maelezo. Ndiyo sababu leo sitazungumzia figo kama somo la darasani tu. Bikizee mmoja amelala nyumbani kwake usiku wa leo akitegemea watu waelewe jinsi ugonjwa wa figo unavyoweza kushuka katika ukoo.

Kwanza figo zenyewe. Kila mtu ana mbili, kila moja ikilingana na ngumi yake, nazo zimekaa mgongoni chini ya mbavu. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana vipatavyo milioni moja. Kwa siku moja vichujio hivyo huchuja maji yapatayo lita 180 kutoka katika damu. Karibu yote hurudishwa mwilini, na sisi tunakojoa lita moja na nusu hivi iliyobeba uchafu. Chujio zima huzuia chembe za damu na protini zisipite, kama chujio lako la chai linavyozuia majani.

Vichujio hivi vikivimba huanza kupitisha visivyotakiwa. Damu ikipita, mkojo hugeuka rangi. Protini ikipita, mkojo hutoa povu, na maji husimama mwilini: macho huvimba asubuhi, miguu huvimba jioni. Ugonjwa huo huitwa nefraitisi. Upo ule wa ghafla unaowapata watoto wiki moja hadi tatu hivi baada ya vidonda vya koo au upele uliooza, na wengi wao hupona kabisa. Upo pia ule sugu, na huo ndio ninaousema leo. Unakwenda polepole kwa miaka, hauumi, hauzuii mtu kulima, na huku nyuma vichujio vinageuka makovu kimoja baada ya kimoja. Mtu anakuja hospitali siku figo zimebaki na nguvu kidogo mno.

Hapa kwetu kuna jambo moja linaloficha ugonjwa huu kuliko kwingine, nalo ni kichocho. Watoto wanaoga katika malambo, wanachunga ng'ombe majini, na mvulana akikojoa damu hakuna anayeshtuka. Wapo wazee wanaoliona kuwa jambo la kawaida la uvulana. Nami nakiri kosa langu: kwa miaka mingi nimekuwa nikimpa mtoto vidonge vya kichocho kwa kutazama rangi ya mkojo tu, nikaandika daftarini na kumwita anayefuata. Kichocho cha kibofu mara nyingi hutoa damu nyekundu mwishoni mwa kukojoa. Figo iliyovimba hutoa mkojo wenye rangi ya chai ya rangi au ya soda nyeusi tangu mwanzo hadi mwisho, na mara nyingi una povu lisilotulia. Lakini jicho si maabara. Mkojo wa mtoto upimwe kwa darubini kuona kama mna mayai ya kichocho, na upimwe kwa kijiti kuona damu na protini. Mtoto akipewa dawa ya kichocho, halafu damu ikaendelea au ikarudi kila anapopata mafua, usikubali kupewa tena vidonge vilevile bila kipimo.

Sasa turudi kwa bibi yetu. Kwa nini wanaume wafe na wanawake wabaki?

Kila mtoto hupokea maagizo ya kujenga mwili wake, nusu kutoka kwa baba, nusu kutoka kwa mama. Maagizo hayo huitwa jeni, nayo yamepangwa katika nyuzi ziitwazo kromosomu. Moja ya nyuzi hizo huitwa X. Mwanamke anazo X mbili, mwanamume anayo moja tu. Nifanye mfano wa kanga. Mwanamke amepewa doti nzima, vipande viwili. Kimoja kikiwa na tundu, atajifunika kwa kile kingine, na watu hawataliona tundu lile. Mwanamume amepewa kipande kimoja. Kikiwa na tundu, hana cha kujisitiri. Mama anapozaa mtoto wa kiume humpa kipande kimoja katika doti yake, na hachagui. Kama mama ana kipande kizima na kimoja chenye tundu, basi kila mtoto wa kiume ana nafasi moja kati ya mbili ya kupata kile kibovu. Kila binti naye ana nafasi hiyohiyo, lakini binti hupata na kipande kizima kutoka kwa baba yake, kwa hiyo anakua, anaolewa, anazaa, na bila kujua anakirithisha tena.

Miongoni mwa maagizo yaliyoandikwa katika uzi huo wa X ni ya kutengeneza utando wa vichujio vya figo. Utando huohuo hutumika pia ndani ya sikio na katika jicho. Agizo likiwa na kasoro, utando unakuwa dhaifu na damu huanza kupenya tangu utotoni, hasa mtoto akiwa na mafua. Baadaye protini hupita, masikio hupungua nguvu, na vijana wengi wa kiume figo zao huchoka kabla ya miaka 40. Daktari aitwaye Cecil Alport, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliandika habari za ukoo mmoja wa Uingereza mwaka 1927. Alionyesha kwamba wanaume wa ukoo ule walipata uvimbe wa figo na uziwi wakafa mapema, na wanawake walitoa damu kidogo katika mkojo lakini wakaishi hadi uzee. Tangu hapo ugonjwa huu umebeba jina lake, na wengine huuita nefraitisi ya kurithi. Mwaka 1990 wataalamu waliiona kasoro yenyewe katika jeni.

Someni tena habari hiyo, akina mama. Wanaume wanakufa, bibi anabaki. Kule Uingereza daktari aliandika makala. Katika kijiji chetu watu wanakwenda kwa mpiga ramli, naye, akiwa hajui lolote juu ya X wala kanga, anatazama palepale alipotazama Alport na kuona mchawi. Ugonjwa wenyewe ndio unaomsingizia bibi. Unapita ndani yake, unamwacha hai, unaua wanawe mbele ya macho yake, kisha majirani wanamuuliza yeye.

Na tusiseme ni watu wa ramli peke yao. Kanisani nako nimesikia dada mmoja akinong'ona kwamba ni dhambi ya ukoo inayodai. Wanafunzi wa Yesu nao waliuliza swali hilo juu ya yule kipofu tangu kuzaliwa, kama kosa ni lake au ni la wazazi wake. Jibu mnalijua.

Lakini nisiwape picha nusu. Ugonjwa huu wa Alport si wa kila siku, na si kila ugonjwa wa figo unaojirudia katika familia hupita kwa mama. Njia nyingine ni ile inayohitaji baba na mama wote wawili, na mfano wake mnaujua vema: siko seli, yaani selimundu. Huku Kanda ya Ziwa tumeizoea mno. Mtoto akipokea jeni moja haugui, tena huwa na kinga fulani dhidi ya malaria kali. Akipokea mbili, moja kwa kila mzazi, anaugua. Ipo jeni ya figo inayofanana na hiyo, na habari yake inagusa mkoa wetu wenyewe.

Mnajua ndorobo, yaani mbung'o. Akimuuma ng'ombe humpa nagana. Vijidudu vya nagana vikiingia kwa binadamu hufa, kwa sababu damu yetu ina protini inayoviua. Lakini wapo ndugu wa vijidudu hivyo waliopata ujanja wa kuishinda protini hiyo, nao huleta malale. Mwaka 1922 malale yalizuka mashariki ya Mwanza, na serikali ya wakati ule ikaifanya Shinyanga kuwa makao ya utafiti wa mbung'o. Pale Tinde, ambapo leo mabasi husimama abiria wanunue vitu, palikuwa na maabara. Tangu miaka ya 1930 watafiti walikaa na vijidudu vya malale vilivyotoka kwa mgonjwa, wakivipitisha katika mbung'o na kondoo, mbung'o na kondoo, na mara kwa mara wakijaribu kwa watu waliojitolea kama bado vinaweza kumuambukiza binadamu. Taarifa ya miaka 18 ya kazi hiyo ilitoka mwaka 1955. Bado viliweza.

Sasa, katika Afrika baadhi ya watu wana aina ya protini ile iliyobadilika kidogo, inayoweza kuviua hata vijidudu wajanja. Ni baraka kwa mtu aishiye penye mbung'o. Lakini mwaka 2010 wataalamu walitangaza kwamba mtu aliyepokea jeni hiyo iliyobadilika kutoka kwa wazazi wote wawili yuko katika hatari kubwa zaidi ya vichujio vyake kuwa makovu. Jeni hiyo huitwa APOL1. Imejaa zaidi Afrika Magharibi kuliko kwetu, na ni sababu mojawapo ya Wamarekani weusi, ambao wengi wao asili yao ni huko, kusumbuliwa sana na figo. Kwetu ipo pia, kwa uchache. Babu zetu walilindwa na mbung'o, nasi tumeachiwa deni.

Hata hivyo wengi wenye jeni hizo mbili hawaugui figo maisha yao yote. Kinachohitajika ni jambo la pili la kuuamsha ugonjwa, na linalojulikana zaidi ni virusi vya UKIMWI visivyotibiwa. Mwenye virusi anayetumia dawa zake kila siku anazilinda na figo pia. Katika kliniki tunasisitiza kinga ya mwili na tunasahau kulisema hili la figo.

Mbegu ardhini na mvua, basi. Sisi wakulima wa nchi kavu hatuhitaji kufafanuliwa. Na mvua nyingine iko Geita. Vijana wetu wakimaliza pamba wanakwenda Nyarugusu na Rwamgasa kutafuta dhahabu. Wanasaga mawe, wanachanganya na zebaki, kisha wanaichoma zebaki ili dhahabu ibaki. Mvuke ule mtu huuvuta, nayo zebaki hupenda kukaa katika figo. Kwa baadhi ya watu huuchokoza mwili hadi ukashambulia vichujio vyake wenyewe. Nasema baadhi. Maabara zimeonyesha kwamba panya wa ukoo mmoja wakipewa zebaki figo zao huvimba, na panya wa ukoo mwingine wakipewa ileile hawaonyeshi dalili hizo. Ndiyo maana kijana mmoja atakaa machimboni miaka kumi akarudi na bati la nyumba, na mwenzake wa hema moja akarudi amevimba, na watu wakasema amelogwa kwa ajili ya dhahabu.

Na sisi wanawake tusiwacheke. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika habari za watu wazima waliovimba mwili kwa ugonjwa wa figo. Zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Baadhi walipona walipoziacha. Nawaomba mnisamehe kwa kulisema waziwazi, lakini makopo hayo bado nayaona katika mabegi ya mabibi harusi, na mengi hayaonyeshi kilichomo. Kuna mama mwingine huchoma dhahabu ya mumewe jikoni, katika kikaango, mtoto yuko mgongoni. Ikibidi kazi hiyo ifanyike, basi ifanyike mbali na nyumba, mbali na wajawazito na watoto.

Upo pia ugonjwa wa lupasi, ambao hufuata koo na hupata zaidi wanawake walio katika umri wa kuzaa. Huo nitauandikia siku yake.

Je, mama afanye nini? Kazi ya kwanza haigharimu shilingi. Ni kuuliza. Sisi Wasukuma tunajua ng'ombe wa mahari walitoka wapi vizazi vitatu nyuma, lakini hatujui mjomba alikufa na nini. Muulize mama yako, shangazi yako, mama mkwe: nani alivimba? Nani alikojoa mkojo mweusi? Nani alipoteza masikio akiwa kijana? Nani alikufa ghafla kwa presha kabla hajafika miaka 40? Wauliza wakati wa kupukuchua mahindi, si wakati wa msiba. Msibani swali hilo hugeuka mashtaka.

Ukipata wawili au zaidi wa damu moja, watoto wote wapimwe mkojo kwa kijiti, wa kike na wa kiume, na wakubwa wapimwe presha. Kijiti hicho ni kipimo rahisi, na mjamzito yeyote aliyehudhuria kliniki anakifahamu. Kikionyesha damu au protini mara mbili tatu kwa siku tofauti, damu ipimwe kreatinini, na mtoto apelekwe kwa daktari mkubwa. Ikiwezekana apimwe na masikio. Yule mvulana wetu mwalimu alikuwa akimwadhibu kwa ukaidi, ati akiitwa haitiki.

Pengine mtasema, ikiwa ni jeni, kuna faida gani kupima? Faida ipo, na ni kubwa kuliko nilivyofundishwa nilipokuwa mwanafunzi wa uuguzi. Zipo dawa za presha za jamii ya enalapril na lisinopril. Mtu mwenye protini katika mkojo akianzishiwa mapema na daktari, hata kama presha yake haijapanda, dawa hizi hupunguza mzigo wa vichujio na kuchelewesha kwa miaka siku ya figo kushindwa. Ni vidonge vya kawaida. Ila mwanamke mjamzito, au anayetarajia mimba, hatakiwi kuzitumia, kwa hiyo asichukue vidonge vya ndugu yake kwa sababu tu ugonjwa ni mmoja. Chumvi ipunguzwe. Vidonda vya koo na upele vitibiwe mapema. Na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, tunazonunua dukani kama pipi baada ya palizi, mwenye figo dhaifu aziache kabisa. Dawa za miti zisizojulikana kipimo chake hali kadhalika.

Figo zikishindwa kabisa, hubaki kusafisha damu kwa mashine, kwa kawaida mara 3 kwa wiki, au kupandikizwa figo ya mtu mwingine. Bugando kule Mwanza wana mashine hizo. Upandikizaji zamani ulikuwa safari ya India. Muhimbili walifanya wa kwanza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Anayetoa figo kwetu ni ndugu, na hapo jeni inarudi tena mezani. Yule mama wa kwaya aliniuliza, tena bila kusita, "Ikifika huko, si nitampa yangu?" Nilimjibu kwamba upendo wake Mungu anauona, lakini lazima achunguzwe kwanza, kwa sababu huenda naye ana kile kipande chenye tundu. Wanawake wanaokibeba wengi huishi vizuri, lakini baadhi figo zao huchoka ukubwani. Kumpa mtoto figo leo na kuwa mgonjwa kesho si msaada kwa nyumba. Hakupenda jibu langu.

Mtoto tulimpima kijiji cha jirani, wanakoweza darubini. Hapakuwa na yai la kichocho hata moja. Damu ilikuwapo, protini ilikuwapo. Daktari alisikiliza habari za wajomba na za masikio, akasema anashuku nefraitisi ya kurithi, akaandika barua ya kwenda Bugando.

Jumapili iliyofuata nilikwenda na mzee mmoja wa kanisa hadi mji wa mume wake. Tulikaribishwa, tukapewa michembe na maji, na hakuna aliyetaja kilichotuleta kwa muda wa kama saa moja. Kisha nikaomba mkaa. Nyuma ya kalenda ya zamani nikachora bibi, kaka zake, wanawe, mabinti zake na mjukuu. Wanaume nikawachora kanga moja, wanawake doti. Waliokufa nikawapiga msalaba. Shemeji mkubwa, ambaye ndiye aliyekwenda kwa mpiga ramli, aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu. Akauliza swali la maana kuliko yote niliyoulizwa: "Huyu kijana akipona akaoa, wanawe wa kiume watakuwa nayo?" Nikamjibu, kama ndiyo hiyo tunayoidhani, la, maana baba hampi mtoto wa kiume X yake. Mabinti zake ndio watakaoibeba. Akanyamaza. Baadaye akauliza nauli ya Mwanza ni kiasi gani kwa watu wawili.

Sitasema kwamba maneno yote yamekwisha mjini pale. Bibi amehamishiwa kwa muda kwa binti yake mkubwa, na mzee wa kanisa anapita kila jioni.

Juzi alikuja mwenyewe kupimwa. Alinikabidhi chupa kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa sadaka. Kijiti kikaonyesha damu kidogo. Nilimweleza, Mayu, ulikuwa nayo tangu siku uliyozaliwa, na mama yako pengine kabla yako. Akakaa kimya, midomo inahesabu. Nadhani alikuwa akiwahesabu kaka zake. Kisha akaomba chupa nyingine tupu. Binti yake mdogo ameolewa Maganzo, na ana mtoto wa kiume wa miaka 4.